Waulize Wasionijua

Nyamwaga, Tarime
5 Machi 1995

Mdogo wangu Agustina,

Pokea salamu zangu zikiwa na unga, maana naandika huku ugali wa watoto uko jikoni. Sisi sote tunapumua. Magige ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kuitwa mtoto. Scola anaongea kutwa nzima, hata akinywa uji anaongelea ndani ya kikombe. Bhoke ameanza kukimbia, na mbio zake za kwanza zilikuwa kumfuata bata mpaka matopeni. Mama mkwe, Waisiko, ni mzima na sauti yake ni nzima zaidi. Shemeji yako Mogesi bado yuko machimboni Nyamongo. Anakuja kila baada ya wiki mbili akiwa na vumbi mpaka ndani ya masikio, analala, anakula, anaondoka. Ukimuuliza kama dhahabu imeonekana anasema "kesho". Wanaume wa Nyamwaga wote siku hizi wanaishi kesho, leo tumeachiwa sisi.

Wewe huko Issenye? Cherehani imepona? Sare za wanafunzi umemaliza?

Sasa jambo lenyewe. Nina mimba ya miezi minne. Usishangilie kabla hujamaliza kusoma. Nesi wa zahanati amenipima, akasema damu yangu ni chache na wakati wa kuzaa nitatoka nyingi, kwa hiyo huyu lazima azaliwe hospitali, Mugumu, na niende na ndugu wa kutoa damu. Nikamjibu sawa. Moyoni nikasema siendi.

Wewe peke yako unajua sababu. Mwaka juzi ulikuwa umenishika mkono pale pale Mugumu. Mimba ilikuwa ya miezi mitano, damu ilikuwa haikamatiki, na daktari akasema moyo wa mtoto bado unapiga lakini tukisubiri tutakwenda wote wawili. Mogesi alikuwa shimoni. Nikasaini mwenyewe wamtoe. Mogesi nilimwambia mimba imetoka yenyewe, na mama mkwe nikamwambia vile vile. Faili langu liko kule, Agustina. Siku Mogesi atakapokuja kutoa damu, mtu mmoja tu akilifungua na kusema neno, nimekwisha.

Tangu siku ile sijapokea komunyo. Wenzangu wa jumuiya wanadhani nimegombana na katekista. Nimewaacha wadhani.

Sasa nisikilize. Kanisani kwetu najua watakavyosema, nyumbani kwetu najua watakavyosema. Nataka kusikia kwa watu wasionijua. Wewe unachukua vitambaa kwa yule Mama Kanta Mhindi wa Mugumu, na uliniambia hapo shuleni kuna mwalimu wa hisabati kutoka Japani, wa dini ya Buddha. Waulize: kwao, mwanamke aliyesaini anahesabiwaje? Jina langu usilitaje. Na usinitilie sukari kwenye majibu, nitaijua tu, mimi ndiye niliyekulea.

Bhoke ameamka na kalamu anaitaka yeye.

Dada yako, mchovu lakini yupo,
Regina


Issenye, Serengeti
26 Machi 1995

Dada Regina, shikamoo.

Nimeshangilia kabla sijamaliza kusoma. Nisamehe, macho yalitangulia. Mimi ni mzima, cherehani imepona ila inakula nyuzi kuliko ng'ombe anavyokula majani, na sare zimebaki kaptula kumi na nne. Mwambie Magige kwamba shangazi zake wa upande wa baba wasimdanganye, meno yatarudi.

Jumanne nilikwenda Mugumu kuchukua kaki. Mama Kanta alikuwa anapima kitambaa kwa mkono wake, na mkono wake ni mfupi kuliko mita. Ukimwambia, anasema mita ndiyo ndefu mno. Nikamuuliza kama ulivyonituma. Akaacha kupima.

"Wewe una mimba?"

"Hapana, Mama. Ni swali tu."

"Swali tu halina uso kama huo. Haya, kaa."

Akaniambia hivi, nami sijaongeza kitu. Kwao Wahindu, kumuua aliye tumboni ni dhambi nzito. Vitabu vyao vya zamani vinaiweka karibu na kumuua kuhani. Anasema roho haianzi tumboni, inatoka mbali. Imeshaishi kwingine, imekufa, imetafuta mlango wa kuingilia duniani, na mlango iliouona ni mama huyo. Ukiufunga, roho inarudi njiani kuanza kutafuta tena, na tendo lile unalibeba wewe, hata katika maisha yako mengine yatakayokuja.

Dada, nilitaka kusimama niondoke. Nikasema, "Hata kama mama mwenyewe alikuwa anakufa?"

Akanitazama juu ya miwani. "Alikuwa anakufa? Mbona umeanzia nyuma wewe msichana! Hiyo ni habari nyingine kabisa. Waganga wetu wa zamani walifundisha, mama akiwa hatarini, mwokoe mama. Ana watoto wengine?"

"Watatu."

"Basi hao watatu nani angewapikia? Kitabu?"

Akarudi kupima. Halafu akasema nisije nikatangaza kwamba Wahindu wote wanasema kama yeye. Ana wifi yake kule Rajkot, India, ambako serikali inaruhusu. Wifi huyo alikwenda hospitali mwenyewe, bila hatari yoyote, kwa sababu tu alichoka kuzaa. Akarudi nyumbani akapika chapati. "Tulinuniana miaka miwili," akasema, "na siku hizi anasali kunishinda."

Kuna jambo zuri pia. Mimba ikifika mwezi wa saba, kwao wanawake wanamkalisha mama mwenye mimba na kumjaza pajani mchele, matunda na nazi, wanamwimbia na kumlisha anachokitamani. Akanipa nazi moja nzima, yenye manyoya yake, anaagiza kutoka Tanga. Akasema, "Mpelekee huyo ambaye si wewe." Nimempa kondakta pamoja na barua hii. Mwambie mama mkwe asiogope.

Aliyelelewa na wewe,
Agustina


Nyamwaga
20 Aprili 1995

Mdogo wangu,

Mvua imetufungia. Gari lilikwama siku nne upande wa pili wa mto, kondakta akamtanguliza mtu na nazi, barua ikabaki mfukoni mwake, basi nazi ikafika kwanza, bila maelezo. Ungekuwepo! Mama mkwe aliigonga, akaitikisa, akasikia maji yanacheza ndani, akasema, "Hili liko hai," akaliweka mbali na kuku wake. Siku tatu hakuna aliyeligusa. Barua ilipofika Magige akalipasua kwa jembe. Tumekula wote, na Waisiko akatuambia ni tamu kuliko lilivyostahili. Akataka kujua limetoka wapi. Nikasema kwa rafiki yako. Hilo si uongo.

Nyumbani ni yale yale. Scola ana mafua. Mama mkwe bado hasalimiani na Dorka muuza samaki, mwaka wa pili sasa, na ukimuuliza kisa anasema Dorka anajua. Dorka anasema hajui.

Agustina, nimezunguka na ule mlango wa Mama Kanta siku nzima, shambani na kisimani. Padre akisikia kwamba Regina wa jumuiya anawaza roho zinazotafuta milango, atanirudisha mafundisho ya kipaimara. Lakini muulize: roho iliyorudishwa njiani inaweza kuja tena kwenye mlango ule ule? Maana huyu wa sasa ameanza kupiga teke, na anapiga upande wa kushoto, kama yule. Najua ni swali la kijinga. Uliza hivyo hivyo.

Lakini kuna kitu nakugombeza. Umemwambia mama alikuwa anakufa, naye akanisamehe haraka kwa ajili ya watoto wangu watatu. Hukumwambia kwamba asubuhi ile ile nilimsikia akicheza. Hukumwambia kwamba niliulizwa, na nilisikia vizuri, na nikajibu. Ukienda kwa huyo mwalimu wa Japani mwambie yote. Sitaki msamaha wa nusu habari.

Na habari za hospitali usinianzie. Waisiko amezalisha nusu ya kijiji hiki.

Nakubusu kwa ukali,
Regina


Issenye
14 Mei 1995

Dada yangu, shikamoo.

Huku mvua imepungua na wanafunzi wamerudi na kaptula zilizochanika mahali pale pale nilipozishona. Nimekonda kidogo. Usiseme nimependa mtu, ni kazi.

Kwanza Mama Kanta. Swali lako alilicheka kwanza. Akasema, "Mwambie mwenye swali kwamba roho haina anuani. Inaweza kurudi, inaweza kwenda China. Lakini anayekuja ampokee kama mgeni wake mwenyewe, asimpe jina la mwingine." Nimeliandika kama lilivyo.

Sasa Mwalimu Setsuko. Nilimkuta darasani anafuta ubao. Kiswahili amekipata kwa wanafunzi, kwa hiyo anaongea polepole na katikati anakuita "ninyi wa nyuma". Nilimweleza yote, dada. Kwamba mtoto alicheza asubuhi. Kwamba uliulizwa na ukasikia. Akakaa kwenye dawati kama mwanafunzi.

"Amri yetu ya kwanza ni kutoua chenye uhai," akasema. "Na watawa wengi wanafundisha kwamba uhai wa mtu unaanza mwanzo kabisa, siku ile ya kwanza tumboni. Kwa hiyo siwezi kukuambia si kitu. Nitakuwa nimedanganya."

Nikamwambia sawa, hakutaka kudanganywa.

"Lakini Buddha alifundisha tuangalie nia. Mtu mmoja anasaini kwa chuki, mwingine kwa hofu, mwingine ili arudi kwa watoto wake. Karatasi ni moja. Uzito si mmoja."

"Kwa hiyo uzito upo?"

"Upo. Haufutwi kama huu ubao. Unabebwa. Ukibebwa vizuri unakuwa huruma."

Halafu akaniambia kwamba kwao Japani kuna sanamu ndogo za mawe za mlinzi wa watoto. Mwanamke aliyepoteza mimba, iwe imetoka yenyewe au ameitoa, huivika sanamu bibu nyekundu kama ile ya mtoto anayelishwa uji, huimwagia maji na kumwomba mtoto radhi. Anasema watawa wengine hawalipendi jambo hilo, wanadai halimo katika mafundisho ya Buddha na kwamba wapo waliolifanya biashara. "Mama yangu hakuwauliza watawa," akasema. "Kila mwaka alinipeleka. Mimi nilidhani tunatembelea bustani. Nilipofika miaka kumi na tano ndipo akaniambia, huyu ni kaka yako."

Akafuma bibu, nyekundu, kwa siku mbili. Imo ndani ya bahasha.

Sasa niache niongee mimi, hata kama nitachapwa. Nimewasikiliza wote wawili na hawakubaliani katika mengi, lakini hakuna aliyesema jifiche. Wewe ndiye unayejificha. Nesi amekuambia utatoka damu tena. Waisiko hana damu ya kukuongezea, ana mikono tu. Mwambie Mogesi kwamba ulisaini. Mwambie mtoto alikuwa hai na ulisaini, na sasa mnakwenda hospitali wote wawili na mikono yake kazi yake ni kutoa damu. Nitapoteza dada kwa ajili ya faili?

Nimeandika kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka. Usiiangalie hiyo sehemu.

Agustina wako


Nyamwaga
11 Juni 1995

Agustina,

Sote ni wazima. Nakuambia hilo kwanza ili uketi.

Barua yako nimeipata siku nne zilizopita, na kabla yangu imesikiwa na watu kama thelathini. Kondakta alifika Nyamongo, akaona jina la mke wa Mogesi kwenye bahasha, akasema Mogesi si yuko hapa, ya nini kuibeba mpaka Nyamwaga. Akaikabidhi kwenye banda la chai la machimboni. Pale kuna kijana anaitwa Stanslaus, alisoma seminari miaka miwili akatoroka, na yeye ndiye anayewasomea wachimbaji barua zao. Mogesi kama unavyojua hakusoma. Na sheria ya Stanslaus ni moja: anasoma kwa sauti, mbele za watu, mwanzo mpaka mwisho, ili asije akasingiziwa kwamba ameficha habari ya ng'ombe wa mtu.

Basi akapanda juu ya ndoo. Yote haya nimesimuliwa na Mogesi, na yaliyobaki na Stanslaus mwenyewe. Akasoma kaptula, wakacheka. Akasoma roho haina anuani, mzee mmoja akasema hiyo ni kweli, hata barua hazina. Akafika kwa Buddha, akasimama, akauliza, "Jamani, hii ni barua au mtihani?"

"Soma, mura!"

Akasoma habari ya nia. Oyoo, yule Mjaluo anayefanya kazi na Mogesi, akasema, "Kama nia ndiyo inayohesabiwa, mimi ni tajiri tangu mwaka juzi." Wakabishana. Mmoja akasema Wahindi wanajua, maana hata sonara ni wao. Mwingine akasema hapana, kumwaga maji juu ya jiwe ni kazi yetu sisi kila siku na hatujaona huruma yoyote. Machimbo yalisimama, Agustina, kwa ajili ya dini za watu.

Halafu Stanslaus akafika pale ulipotoboa karatasi. Akasoma jina la Mogesi, akashusha karatasi. Mogesi akamwambia, "Endelea." Akaendelea mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka.

Mogesi alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni, zamu yake ya kushuka. Mwikwabe, mkubwa wa kundi lao, akamwambia, "Fungua kamba." Kule wana sheria: mwenye msiba haingii shimoni mpaka aukalie na wenzake, la sivyo mwamba unaweza kuwaangukia wote. Mwikwabe akasema, "Wewe una msiba wa miaka miwili haujakaliwa, na umekuwa ukishuka nao. Ndiyo maana shimo letu linatoa maji badala ya mawe." Mogesi akafungua kamba.

Alifika hapa jioni, jua halijazama. Alinawa uso. Mimi nilikuwa napepeta ulezi.

"Ulisaini?"

"Nilisaini."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

Akakaa chini. Bhoke akaenda kumpandia mgongoni, naye wala hakumwona. Nikaona bora niseme yote kabla sijaogopa. Nikamwambia, "Mogesi, ningesaini tena. Leo, hapa, ukinitazama hivyo hivyo, ningesaini tena. Na ningelia tena."

Akasema, "Habari ya kalamu sijakuuliza. Nakuuliza kwa nini ulilia peke yako. Miaka miwili nakuona umenuna, mimi nadhani umenichoka."

Nikarudi kwenye ulezi wangu.

Kesho yake akarudi Nyamongo bila kusema kama Mugumu tutakwenda au hatutakwenda, na mimi sikumuuliza. Mama mkwe hajui. Bibu ninayo, iko chini ya mto wangu.

Nilitaka kukuchapa. Nilichukua hata kijiti. Halafu nikamkumbuka Stanslaus juu ya ndoo, nikacheka mpaka mtoto akapiga teke.

Regina


Issenye
28 Juni 1995

Dada, shikamoo mara mbili.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimefunika uso kwa kaptula ya mtu. Watu thelathini! Na mimi niliandika kwamba nimekonda!

Nisamehe, na usinisamehe haraka. Kuanzia leo barua zangu nitazitia ndani ya pindo la nguo na kuzishonea.

Lakini hujaniambia. Utakuja au hutakuja? Mwezi wa saba umefika na Mama Kanta ananiuliza kila nikienda. Siku hizi haniulizi kama ni mimi, ananiuliza "dada hajambo?" Sikumwambia. Amejua tu. Mwalimu Setsuko naye ameuliza, halafu akasema samahani kwa kuuliza, halafu akauliza tena.

Nijibu hata neno moja. Hata kwenye kipande cha mfuko wa sukari.

Agustina


Nyamwaga
9 Julai 1995

Mdogo wangu mshona barua,

Neno moja unalolitaka liko mbele. Kwanza ukae ule habari.

Jumamosi iliyopita nilisikia mbwa, nikatoka. Nikaona wanaume kumi na mmoja wanapanda njia ya shamba, wamejipanga kama wanashuka shimoni, Mwikwabe mbele, Mogesi nyuma yao anaona haya, na Oyoo kambeba mbuzi mabegani. Wote wameoga! Waisiko akatoka na fimbo, akidhani ni wezi wa mifugo.

"Mama," Mwikwabe akamwambia, "tumekuja kukaa msiba."

"Msiba gani? Hapa hajafa mtu!"

Basi nikajua imefika zamu yangu. Nikamwambia pale pale, mbele ya mbuzi na watu wote. Niliyomwambia mama mkwe ni maneno manne: mtoto alikuwa hai, nilisaini. Alisimama, fimbo imening'inia. Nikangoja laana.

Akasema, "Kwa hiyo si Dorka?"

"Dorka wa nini, mama?"

"Miaka miwili simsalimii Dorka! Nilijua ni jicho lake ndilo lililoitoa ile mimba, alikuwa amekusifia tumbo! Nimekula dagaa wa mbali, wabovu, kwa ajili yako!" Akanitukana kwa Kikurya maneno ambayo sitayaandika, na yote yalihusu samaki, hata moja halikuhusu saini. Halafu akakamata kuku, akashika njia ya kwa Dorka. Walirudi pamoja wakiwa wanagombana kwa raha, na Dorka akakaa msibani kama mwenye nyumba.

Mila haina matanga ya mtoto wa miezi mitano, Waisiko aliwaambia. Mwikwabe akamjibu kwa heshima, "Mama, na mila hatugombani. Sisi tunataka kuingia shimoni." Akawaruhusu siku mbili. Walikaa nje, wakala mbuzi, wakanisaidia kuvuna mahindi ya upande wa chini, maana kukaa bure hawajui. Stanslaus alisoma sala, hakuruka neno. Na ile bibu Mogesi aliniomba. Aliifunga kwenye mche wa mgomba nyuma ya nyumba, akabaki pale peke yake muda mrefu. Niliona mabega yake. Sikwenda. Kisha nikakumbuka alivyoniambia, nikaenda.

Nimekwenda pia kwa padre. Aliyoniambia ni yangu na yake. Ninachokuambia ni kwamba Jumapili nilipanga foleni na wengine, na wenzangu wa jumuiya sasa wanadhani nimepatana na katekista.

Mama Kanta mwambie nimemsikia: huyu ni mgeni mwingine, na atakuwa na jina lake. Mwalimu Setsuko mwambie uzito upo, hakudanganya, lakini sasa tuko wawili kwenye kamba. Mimi Buddha simfahamu na Uhindu sitaingia, nitakufa Mkristo. Lakini nilikuwa na haja ya mtu aniambie ukweli bila kunijua, na wao walifanya hivyo.

Neno lako: tunakuja. Tarehe 2 Agosti.

Regina, mwenye miguu iliyovimba


Wodini, Mugumu
10 Agosti 1995

Agustina,

Umepata mtoto wa dada, wa kike, kilo tatu kasoro kidogo, na ana sauti ya bibi yake. Amezaliwa juzi kwa upasuaji. Damu ilitoka kama nesi alivyosema, nao walikuwa tayari. Najua uko Musoma kwenye mtihani wako wa ushonaji, kwa hiyo barua hii utaikuta mlangoni. Mvike mtu yeyote kaptula uliyoshika, njoo.

Wale wachimbaji walikuja na lori la mawe, kumi na mmoja wote, wakajipanga ukutani. Wanne damu yao ilinifaa. Oyoo hakufaa, na hata hivyo alizimia kwa kuiona sindano ya mwenzake. Mama Kanta aliposikia niko wodini alikuja, kabla sijajifungua, na sahani ya mchele na ndizi, akanijazia pajani juu ya shuka la hospitali, akasema mwezi wa saba umepita lakini mchele haujui. Aliimba taratibu. Wodi nzima ilinyamaza, halafu kila mwanamke akataka ajaziwe yeye. Alinipima kwa macho akasema, "Kumbe ndiye huyu ambaye si wewe."

Waisiko yuko nyumbani na watoto. Ametuma salamu na maagizo kumi na saba.

Nimeacha jambo moja nikuambie la mwisho, kwa sababu hukuwepo na nilitamani uwepo.

Siku tuliyofika, nesi alitukalisha, akafungua kadi mpya. Si yule wa mwaka juzi, ni msichana mdogo, labda umri wako. Mogesi alisimama mlangoni, kofia mkononi. Nesi akauliza, "Mimba ya ngapi, mama?" Kule zahanati miezi yote nimekuwa nikisema ya nne. Nilikuwa nimeshazoea hivyo, na ulimi ulikuwa unaelekea huko huko wenyewe.

Mogesi akasema, "Ya tano."

"Watoto walio hai?"

"Watatu."

Nesi akahesabu kwa ncha ya kalamu, akaona mmoja hayupo. Akavuta faili la zamani, akasoma. Nikaona macho yake yanashuka mstari kwa mstari, nami nilikuwa tayari kwa lolote. Akainua uso, akasema polepole, "Poleni. Huyu alifariki mwaka tisini na tatu."

"Ndiyo," Mogesi akasema. "Tumemlilia mwezi uliopita."

Nesi akamtazama, akatazama tarehe kwenye faili, akamtazama tena.

"Mwezi uliopita, baba?"

"Tulichelewa," Mogesi akasema. "Wewe andika ya tano."

Akaandika.

Njoo Jumamosi. Mtoto anakungoja umpe jina, jipya kabisa.

Dada yako,
Regina